E-kadherini, desmogleini, klodini au koneksini: ipi ya kupima kwenye chunjua na saratani ya ngozi?

Msimu wa mapendekezo ya utafiti ukifika, swali huwa ni lile lile kwa wanafunzi wa maabara wa Tudor na wenzao wa Kilifi: "Nina bloku za nta za chunjua na za saratani ya ngozi, na fungu langu la fedha linatosha kingamwili moja, pengine mbili. Ninunue ipi?" (Bloku ni kipande cha tishu kilichohifadhiwa ndani ya nta; kingamwili hapa ni ile ya maabara inayoshika protini moja na kuionyesha kwa rangi.) Wengi hujibiwa wachukue E-kadherini kwa kuwa kila mtu anaifanya. Jibu hilo si baya, ila halifai kila bloku, wala halijibu kila swali.

Nimeandika kwa ajili ya aliyekwama hapo. Jamii nne za protini zinazoshikanisha seli za ngozi zinashindania fungu lako: kadherini, desmogleini, klodini pamoja na wenzake okludini na ZO-1, na koneksini. Ukitaka picha ya haraka, nenda Bandari ya Kale ukatazame jahazi likikarabatiwa. Msumari unashika ubao kwa ubao, kalafati inaziba mwanya maji yasipite. Desmogleini ni msumari, klodini ni kalafati. E-kadherini nayo hushika, lakini pia hupeleka habari ndani ya seli kwamba jirani yupo. Koneksini ni kijibomba kati ya seli mbili, molekuli ndogo hupita humo.

Vigezo

Nitazipima zote nne kwa mambo manne: makazi yake katika ngozi nzima (isiyo na ugonjwa), virusi huifanyia nini, saratani huifanyia nini, na kazi yake mezani kwa maana ya rangi, usomaji na gharama. Kipo kigezo cha tano kinachopita ndani ya hayo yote, na ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine: je, ukiiona chini ya hadubini utaweza kusema imekaa wapi? Protini iliyotoweka kabisa na protini iliyohama kutoka kwenye utando wa seli ikaingia saitoplazimu zote mbili hupewa alama ndogo na msomaji mvivu. Kibiolojia ni visa viwili tofauti. Tasnifu nyingi za eneo hili huishia kwenye asilimia ya seli zilizoshika rangi, na hapo ndipo habari yenyewe inapopotea.

Kwanza, bloku zako ni za nini?

Soma fomu za patholojia kabla ya kusoma orodha ya bei. "Kidonda cha virusi" ni kapu la vitu visivyofanana. Chunjua za kawaida za vidole na nyayo huletwa na virusi vya papiloma, HPV, hasa aina za 1, 2, 4, 27 na 57. Chunjua bapa za usoni na migongoni mwa mikono ni za aina ya 3 na ya 10. Wachinjaji na wauza samaki wana yao, aina ya 7. Vinyama vya sehemu za siri ni aina ya 6 na ya 11. Aina za 16 na 18, zile zinazolengwa hasa na chanjo ya wasichana iliyozinduliwa hapa Mombasa, Ziwa la Ng'ombe, Oktoba 2019, zinajulikana zaidi kwa saratani ya mlango wa kizazi, lakini ya 16 hukutwa pia kwenye saratani za ngozi ya sehemu za siri na za pembezoni mwa kucha.

Kisha kuna kundi la beta la virusi hivyo hivyo vya papiloma, aina ya 5 na ya 8. Hizi ndizo za ugonjwa wa kurithi ulioelezwa na Lewandowsky na Lutz mwaka 1922: madoa bapa tangu utotoni, halafu saratani ya seli bapa kwenye sehemu zinazopigwa na jua mgonjwa akishakua. Sura kama hiyo huonekana pia kwa baadhi ya watu wanaoishi na VVU, kwa hiyo bloku yake unaweza ukaipata kabatini bila kuitafuta.

Nje ya papiloma kuna virusi vya malengelenge ya midomo (HSV), kuna moluskamu inayotokana na virusi vya jamii ya ndui, kuna saratani ya Kaposi inayofungamana na virusi vya HHV-8 vilivyogunduliwa mwaka 1994, na kuna saratani ya Merkel ambayo takribani asilimia 80 ya vivimbe vyake hubeba virusi vya polioma vilivyotambuliwa mwaka 2008.

Saratani nayo haina njia moja. Huku kwetu saratani ya seli bapa huonekana sana kwa watu wenye ualbino, na kwa weusi huota zaidi kwenye kovu la moto la zamani au donda la mguu lililokaa miaka bila kupona. Melanoma hupenda nyayo. Ukizichanganya ya jua, ya kovu na ya virusi katika kundi moja uliloliita "saratani ya ngozi", hakuna protini itakayokuokoa wakati wa utetezi.

Makazi katika ngozi nzima

E-kadherini iko katika tabaka zote hai za ngozi ya juu, tangu tabaka la msingi hadi karibu na la pembe (ukipanda kutoka chini ni la msingi, la miiba, la punje, kisha la pembe lililokufa). Huzunguka seli nzima, isipokuwa upande wa chini wa seli za msingi unaokaa juu ya utando wa chini. Inahitaji kalsiamu ili ishike, na kwa ndani imefungwa kwa katenini: beta-katenini, alfa-katenini na p120. Makazi haya mapana ni neema kwa mwanafunzi, kwani popote utakapokata, ngozi nzima iliyo pembeni inakupa kipimo cha kulinganishia kwenye slaidi hiyo hiyo.

Desmogleini zimegawana orofa. Desmogleini 3 hukaa chini, tabaka la msingi na sehemu ya chini ya tabaka la miiba. Desmogleini 1 huongezeka kadiri unavyopanda juu. Desmogleini 2 ni hafifu na hukaa chini. Mgawanyo huu si nadharia tupu. Ndio unaoeleza kwa nini pemfigasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ngozi yake yenyewe) inayoshambulia desmogleini 1 peke yake hutoa malengelenge mepesi ya juu juu, na ile inayoshambulia desmogleini 3 hupasua chini na kuingia hadi mdomoni. Sumu ya bakteria wa stafilokokasi nayo hukata desmogleini 1, ndipo yakatokea malengelenge ya watoto. Kwa hiyo usiseme tu "nitapima desmogleini". Sema namba.

Upande wa kalafati, okludini hukaa tabaka la punje tu, ZO-1 hapo hapo na kidogo chini yake, ilhali klodini-1 imeenea tabaka zote hai. Umuhimu wake ulionekana Japani mwaka 2002: panya walioondolewa jeni ya klodini-1 walikufa ndani ya siku moja baada ya kuzaliwa, maji ya mwili yamevuja kupitia ngozi.

Koneksini 43 hukaa tabaka la miiba na la punje. Koneksini 26 haionekani, au ni chache mno, kwenye ngozi ya kawaida yenye vinyweleo, lakini nyayo huwa nayo kidogo. Zingatia hilo la nyayo, maana chunjua nyingi za kabatini hutoka huko, na ukiweka ngozi ya mkono kuwa kipimo cha kulinganishia umeshaharibu hesabu.

Virusi huzifanyia nini

Hapa E-kadherini ina ushahidi mwingi, na una utamu wake. Seli za ngozi zilizowekewa protini za E6 na E7 za HPV 16 hupunguza E-kadherini kwenye utando wake. Matokeo yake hayaishii kwenye kushikana. Seli za Langerhans, walinzi wa kinga wanaokaa katikati ya seli za ngozi, hujishikiza kwa E-kadherini hiyo hiyo. Ikipungua, walinzi nao hupungua, na virusi hubaki kwa raha. Kilichobadilisha mjadala ni kwamba upungufu huu haukukutwa kwenye aina za saratani peke yake. Umeonekana pia kwenye chunjua za aina zisizo na madhara makubwa. Walinzi wa Langerhans nao hupungua katika vidonda vya makundi ya papiloma ya alfa, gama na myu, lakini si katika vile vya beta.

Maana yake kwako ni kubwa. E-kadherini iliyopungua kwenye chunjua haikuambii kwamba saratani inanyemelea. Yaweza kuwa ni virusi vinajificha tu. Mwanafunzi atakayeandika "upungufu wa E-kadherini ni dalili ya kugeuka saratani" kwa kutazama chunjua za vidole atakuwa ameruka mto bila daraja.

Klodini na wenzake wana simulizi iliyo wazi zaidi kimolekuli, ila kwa virusi wachache. E6 ya aina za hatari, 16 na 18, ina mkia wa asidi amino chache unaonasa protini zinazopanga kingo za seli: Dlg, Scribble na MAGI-1. MAGI-1 hukaa kwenye viungio vya kuziba. E6 ikiipeleka kuharibiwa, ZO-1 hupoteza mahali pake, na watafiti wakiirudisha MAGI-1 isiyoweza kunaswa, viungio hujengeka tena. Aina za beta na zile za hatari ndogo hazina mkia huo. Kwa hiyo swali la "je, virusi hivi vinavunja mpangilio wa seli kwa njia ya E6?" linajibika vizuri ukiwa na bloku za sehemu za siri au za pembezoni mwa kucha. Ukiwa na chunjua za nyayo, umebeba wavu wa dagaa kwenda kuvua papa.

Koneksini zinashangaza kwa kwenda kinyume. Kwenye chunjua, koneksini 26 huongezeka badala ya kupungua. Lakini huongezeka pia kwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi kunenepa na kutoa magamba, ambao hauna virusi vyovyote. Inapima ngozi inayozaana kwa kasi, haipimi virusi. Kwenye seli za maabara, protini ya E5 ya HPV 16 imeonekana kuziba mawasiliano ya koneksini 43. Hilo ni zuri kwa mwenye vifaa vya kukuza seli. Kwenye bloku ya nta halionekani kwa urahisi.

Desmogleini kwa upande wa papiloma ndizo zenye machache. Virusi vingine ndivyo vinavyozihusu: desmogleini 2 ni mlango wa kuingilia wa virusi vya adeno aina ya 3. Na kwa kuwa tumefika kwenye milango, mwenye bloku za malengelenge ya HSV aitazame nektini-1. Nayo ni protini ya viungio, inakaa jirani na E-kadherini, na HSV huitumia kuingilia ndani ya seli. Haimo katika nne zangu, lakini kwa bloku hizo ingezishinda zote.

Ushauri mmoja unazihusu zote nne. Ongeza kundi la tatu lenye ngozi nene isiyo na virusi, soriasisi au ngozi iliyokomaa kwa kujikuna. Bila kundi hilo utakuwa unalinganisha ngozi nene na ngozi nyembamba, kisha unailaumu HPV.

Saratani huzifanyia nini

Katika saratani ya seli bapa, E-kadherini hupungua au huhama utando kadiri kivimbe kinavyopoteza sura ya ngozi, na zaidi kwenye ncha inayopenya chini. Ikiachia, beta-katenini hulegea na yaweza kuingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kuzaana. Ndiyo maana wenye fedha za kingamwili mbili wengi huziunganisha hizi. Kwenye melanoma hadithi ni ya mshiko kuhama: seli ya rangi, iliyokuwa imefungwa na jirani zake kwa E-kadherini, huiacha na kuanza kutoa N-kadherini, ikapata wenza wapya chini kwenye demisi, yaani ngozi ya ndani.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila saratani inayopenya imepoteza E-kadherini. Vivimbe vingi husonga kwa makundi, seli zikiwa bado zimeshikana. Kwa hiyo soma ncha ya kupenya peke yake na katikati ya kivimbe peke yake, alama mbili kwa kila slaidi. Ukiziunganisha ukatoa wastani, utapata namba isiyosema kitu.

Desmogleini hapa ndipo zinapong'aa. Namba zinakwenda njia tofauti: desmogleini 1 huelekea kupungua, ilhali desmogleini 2, iliyokuwa hafifu kwenye ngozi nzima, huongezeka katika saratani ya seli bapa, na desmogleini 3 mara nyingi huwa juu katika saratani za seli bapa za kichwa na shingo. Kitu kinachoongezeka ni rahisi kukisoma kuliko kinachopungua. Rangi iliyokosekana huenda ni ugonjwa, huenda ni fomalini mbaya. Rangi iliyojitokeza mahali pasipo pake ina visingizio vichache. Kwa sababu hiyo naiona desmogleini 2 kuwa chaguo linalodharauliwa bila haki.

Okludini hupungua kwenye saratani ya seli bapa. Klodini-1 ni ngumu zaidi kwani imeenea tangu mwanzo, na unachotafuta ni kuhama kwake. Shida ya kundi hili ni kwamba makazi yake ya juu, tabaka la punje, hutoweka yenyewe pale saratani inapopoteza sura ya ngozi. Je, okludini imeondoka, au nyumba yake ndiyo iliyobomoka? Lazima ulijibu hilo kabla msimamizi hajakuuliza.

Koneksini 43 kwa kawaida hupungua mwanzoni mwa saratani, na wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1966 Loewenstein na Kanno walionyesha kwamba seli za saratani ya ini haziwasiliani kama seli nzima. Ila katika hatua za kusambaa koneksini zinaweza kurudi na kuisaidia saratani kupenya. Protini inayokwenda chini kisha juu inadai bloku nyingi za hatua tofauti, na wengi wenu hamna. Koneksini 26 ina upande wake wa kurithi: mabadiliko fulani ya jeni yake huleta ugonjwa wa macho, ngozi ya magamba na uziwi, na wagonjwa hao wako katika hatari zaidi ya saratani ya seli bapa.

Mezani

Tatizo la kwanza la ngozi zetu ni melanini. Rangi inayotumika zaidi kuonyesha kingamwili, DAB, ni ya kahawia. Melanini nayo ni ya kahawia, na imejaa tabaka la msingi, mahali hasa unapotaka kusoma E-kadherini na desmogleini 2 na 3. Vitabu vingi vimepigwa picha kwenye ngozi nyeupe, kwa hiyo havikuonyi. Una njia tatu. Badili rangi uweke nyekundu, kama AEC au ile ya fosfatasi alkali. Lakini AEC huyeyuka kwenye alkoholi, hivyo funika slaidi kwa gundi ya maji. Au baki na DAB na utumie Giemsa badala ya hematoksilini kama rangi ya pili ya slaidi, melanini igeuke kijani-buluu na DAB ibaki kahawia. Au iondoe melanini kwanza kwa peroksidi ya hidrojeni, ukijaribu kwenye slaidi za pembeni kuona kama kingamwili yako inastahimili. Ningeanza na rangi nyekundu. Kwa okludini na koneksini, zinazokaa juu zaidi, tatizo hili ni dogo, na hiyo ni alama yao. Kwa bloku za wenye ualbino halipo kabisa, lakini tumia rangi moja kwa makundi yote.

Chunjua zina kero yake: tabaka la pembe ni nene na gumu, hukunjika kwenye kisu na kung'oka wakati wa kuchemsha slaidi. Tumia slaidi zenye chaji, kata maikroni 3 au 4, na barafu juu ya bloku isikosekane.

Kwa usomaji, E-kadherini ndiyo rafiki: mstari uliokamilika kuzunguka kila seli, ukikatika unauona. Maabara kubwa za patholojia huwa nayo tayari kwa kuwa hutenganisha aina mbili za saratani ya matiti, kwa hiyo ulizia kabla hujanunua. Huenda ukapewa mikrolita chache kwa kuomba vizuri. Soma kijikaratasi chake ujue inashika upande gani wa protini. E-kadherini ikikatwa, kipande cha nje huenda zake na cha ndani hubaki. Kingamwili ya upande wa ndani itakuonyesha rangi mahali ambapo mshiko umeshaachia.

Klodini-1 nayo huwapo kwenye baadhi ya maabara kwa ajili ya vivimbe vya ala za neva. Inatoa mstari mwembamba, unasomeka kwa lenzi ya 40 bila taabu. ZO-1 na okludini hupendeza zaidi kwa hadubini ya mng'aro. Kwa hadubini ya kawaida zinakubali, ila zinataka subira.

Desmogleini zinahitaji uangalifu wakati wa kununua. Namba zake zinafanana kimuundo, kwa hiyo hakikisha muuzaji anaonyesha kwamba kingamwili ya 2 haishiki ya 1 wala ya 3. Hakikisha pia imethibitishwa kwenye tishu ya nta, maana baadhi zimetengenezwa kwa tishu iliyogandishwa. Kingamwili iliyoagizwa nje ifike katikati ya juma. Ikiingia Ijumaa jioni ikalala ghalani hadi Jumatatu katika joto la Februari, utalaumu protini.

Koneksini huonekana nukta nukta, na kuhesabu nukta kwa jicho ni mateso. Bila kamera na programu ya kuhesabu, wasomaji wawili hawatakubaliana. Na kwa zote nne, wasomaji wawe wawili wasiojua slaidi ni ya nani, na alama zao zilinganishwe kwa kapa, kipimo cha jinsi wasomaji wanavyokubaliana.

Nani achukue ipi

Mwenye bloku mchanganyiko, hadubini ya kawaida na fungu la kingamwili moja: E-kadherini itamlinda, mradi alama zake zitenganishe utando, saitoplazimu na kutokuwepo. Akipata ya pili, beta-katenini inaikamilisha. Asiahidi kwenye pendekezo kwamba atabashiri chunjua ipi itageuka. Aahidi kuonyesha tofauti ya mahali.

Anayetaka kutenganisha saratani ya seli bapa na ngozi nene isiyo ya saratani, hasa kwa bloku za wenye ualbino au za makovu ambako virusi si kiini cha swali: desmogleini 2, na desmogleini 1 kando yake kama fedha zipo. Moja inapanda, nyingine inashuka, kila moja inaithibitisha mwenzake.

Aliye na bloku za sehemu za siri au za pembezoni mwa kucha, na anaweza kupata kipimo cha aina ya HPV kwa PCR: ZO-1 au klodini-1. Hapa ndipo utaratibu wa E6 unapoweza kuonekana, na bila kujua aina ya virusi kazi hii haina miguu. Asitegemee p16, protini inayotumiwa kama alama ya HPV, kuwa badala ya PCR kwenye ngozi ya juani. Huko p16 hupanda hata bila HPV.

Anayevutiwa na chunjua kama ugonjwa wa kuzaana kwa seli, na ana soriasisi za kulinganishia: koneksini 26, kwa sharti la nyayo nililolitaja na programu ya kuhesabu. Mwenye chumba cha kukuza seli aifikirie koneksini 43, kwa kuwa huko anaweza kupima mawasiliano yenyewe badala ya nukta.

Mwenye madoa ya aina ya 5 au ya 8 asikimbilie simulizi la mkia wa E6, virusi hivyo havina. Apime E-kadherini pamoja na seli za Langerhans kwa CD1a au langerini, protini zinazozitambulisha seli hizo, atazame kama kundi hili kweli linatofautiana na chunjua za kawaida.

Na mwenye Kaposi aziache zote nne. Hizi ni protini za ngozi ya juu, na Kaposi hutoka kwenye kuta za mishipa. Huko protini ya viungio ni VE-kadherini, ambayo protini ya K5 ya HHV-8 huipeleka kuharibiwa. Aioanishe na LANA-1, protini nyingine ya HHV-8, inayoonyesha virusi ndani ya kiini kwa vinukta, atumie nyekundu kwa moja na kahawia kwa nyingine, na achague vipande ambavyo bado vina mishipa mizima ya kulinganishia, kwa kuwa kivimbe kilichokomaa huwa kimeijaza demisi yote na hakijamwachia pa kuanzia.